Kupima muda kwa chipu na kutangaza mubashara mbio za ramani nchini Uganda

Tarehe 26 Machi 2017 dunia ilikuja Kololo, jijini Kampala, kwa mashindano ya mbio za nyika. Joshua Cheptegei aliongoza mbele ya umati wa nyumbani hadi mzunguko wa mwisho, kisha nguvu zikamwishia akamaliza wa 30. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, uwanja mzima uliona. Katika orienteringi, yaani mbio za kutafuta vituo kwa ramani na dira, misukosuko ya aina hiyo hutokea karibu kila shindano, lakini hutokea nyuma ya miti. Anayeongoza anapotea dakika tatu kwenye bonde la mabingobingo, na wazazi wake waliokaa chini ya hema hawana habari. Wanamwona akitoka msituni anahema, wanapiga makofi, basi.

Mwongozo huu ni wa klabu, shule, maskauti na vikosi vinavyotaka kuutoa msitu uje kwa watazamaji. Naomba mwandaaji akubali jambo moja mapema: kupima muda na kutangaza ni kazi moja. Mtangazaji hana cha kusema zaidi ya kile saa ilichompa, na saa haiwezi kumpa kitu ambacho mpangaji wa njia hakukiandaa. Kwa hiyo watu hao watatu wakae meza moja tangu ramani inapochorwa njia, si asubuhi ya shindano.

Jua kwanza chipu inafanya nini

Chipu ni kijiti kidogo cha plastiki kinachofungwa kidoleni. Kila kituo msituni kina bendera ya machungwa na nyeupe, na kando yake kisanduku cha kielektroniki chenye nambari. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Orienteringi, IOF, nambari hizo huanzia 31. Mkimbiaji anachomeka chipu kwenye tundu, kisanduku kinaandika nambari yake na saa ndani ya chipu, kinalia na kuwaka taa. Akimaliza, chipu inasomwa na kompyuta na safari yake yote inatoka: vituo gani, kwa mpangilio gani, kila kipande dakika ngapi.

Mifumo miwili ndiyo utakayokutana nayo zaidi, SPORTident ya Ujerumani na Emit ya Norwei, na tofauti yao kubwa ni saa inakaa wapi. Kwa SPORTident ya kawaida, saa iko ndani ya kisanduku, hivyo visanduku vyote lazima vikubaliane. Kwa Emit, saa iko kwenye kadi anayobeba mkimbiaji, inaanza sifuri pale mwanzoni, na kisanduku kinatoa nambari tu. Ukiazimwa vifaa na klabu ya nje, uliza hilo kabla ya kuuliza idadi. Hapa nitaizungumzia SPORTident.

Chipu nyingi zinazofika kwetu ni za mkono wa pili, na watu huzipokea kwenye mfuko bila kuzichambua. Zichambue kwa nambari iliyoandikwa juu. Zenye tarakimu saba zinazoanza na 2 hubeba vituo 30. Zinazoanza na 1 hubeba 50. Zinazoanza na 7, 8 au 9 hubeba 128. Zile za zamani zenye nambari chini ya laki tano hubeba 30 vyenye muda, na sita vya ziada bila muda, na huandika polepole zaidi: mtoto akichomoa chipu kabla ya mlio, kituo hakikuandikwa. Mpe chipu hizo mkimbiaji wa njia fupi, umweleze asubiri mlio.

Chipu zenye nambari zinazoanza na 8 zina betri ndani na huandika bila kuchomekwa, zikipita umbali wa nusu mita hivi kutoka kwenye kisanduku kilichopangwa kwa kazi hiyo. Ni nzuri, lakini lazima zipite kwenye kisanduku cha ukaguzi pale mwanzoni ili ziamke, na betri yake ikifa inabadilishwa na kiwanda, si fundi wa Kampala Road. Kwa mashindano ya shule sioni sababu ya kuzitafuta. Na kama huna chipu kabisa, anza mazoezi na programu ya simu ya MapRun kutoka Australia, ambayo hutambua kituo kwa GPS. Ni mazoezi tu. Usitoe kombe kwa GPS ya simu za aina kumi tofauti chini ya miti minene.

Chagua kituo kimoja cha redio, ukichague vizuri

Hapa ndipo shindano linapopata uhai au kulikosa. Kituo cha redio ni kituo cha kawaida ambacho taarifa yake hufika kwenye hema papo hapo, bila kungoja mkimbiaji amalize. Waandaaji wengi wakipata vifaa hutaka vitano au sita. Mimi nasema kimoja kilichowekwa mahali pake kinamwambia mtazamaji mengi kuliko sita vilivyotawanywa, kwa sababu mtangazaji mmoja hawezi kufuatilia nambari za vituo sita na bado akasimulia.

Kiweke wapi? Kwa njia ya kati ambayo mshindi anatarajiwa kumaliza kwa dakika 30 hadi 35, kiweke karibu na dakika ya 20. Lakini dakika peke yake haitoshi. Kiwe baada ya uamuzi mgumu kuliko yote kwenye ramani, pale ambapo mkimbiaji alilazimika kuchagua: apande kilima moja kwa moja au azunguke kwa njia ya miguu. Pengo litakaloonekana hapo lina sababu, na sababu ndiyo inayosimuliwa. Tena kiwe kituo ambacho wanaume, wanawake na vijana wote wanapita, ili kifaa kimoja kihudumie makundi yote.

Ukiweza kuongeza cha pili, kiwe dakika mbili au tatu kabla ya mwisho. Hiki hakisimulii chochote; kazi yake ni kumwonya mtangazaji nani anakuja ili umati ugeuze macho kabla hajatokea. Na kama eneo linaruhusu, mpangaji apitishe njia mbele ya watazamaji katikati ya mbio. Kwenye Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898 kando ya ziwa, ni rahisi kwa sababu kuna uwazi mkubwa katikati ya miti. Kilima cha Makerere nacho kinafaa kwa mbio fupi, maana majengo humficha mkimbiaji na kumrudisha ghafla. Msitu wa Mabira ni jambo jingine: huko utahitaji kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, na huko mtazamaji hataona kitu kabisa bila redio.

Taarifa isafiri vipi

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni redio ya masafa mafupi inayotoka kwenye kisanduku hadi kipokezi kilichochomekwa kwenye kompyuta. Inafaa kwa kituo kilicho karibu na uwanja. Usiitegemee kupenya msitu uliolowa, kwa maana majani yenye maji hunyonya mawimbi.

Ya pili ni mtandao wa simu. Kifaa chenye laini hukaa karibu na kisanduku na kutuma taarifa kwenye seva, nayo kompyuta ya hema huichukua huko. Nenda mwenyewe hadi mahali pale ukiwa na simu mbili, moja ya MTN na moja ya Airtel, ukachuchumae chini pale kifaa kitakapokaa. Watu hupima mtandao wakiwa wamesimama barabarani, kisha kifaa kinawekwa bondeni. Kama bonde halina mtandao, sogeza kituo juu mita hamsini; mpangaji mzuri atapata jiwe au kichuguu kingine cha kukiweka. Bando likaguliwe usiku wa kuamkia shindano.

Ya tatu ni mtu. Usiidharau. Kijana mwenye jicho kali anakaa kwenye kichaka, anasoma nambari ya kifuani, anatazama saa iliyolinganishwa na ya hema, anatuma: «14, 10:43:50». Kwa redio za mkononi, uliza kwanza habari za masafa kwa Tume ya Mawasiliano, UCC. Kwa simu, ujumbe mfupi unafika hata pale ambapo intaneti haifiki. Kijana huyo asionekane, asiseme neno, asinyooshe mkono hata akiulizwa njia. Wawe wawili kama inawezekana, mmoja asome na mwingine aandike, na karatasi waliyoandika irudi kwenye hema mwisho wa siku.

Saa

Siku moja kabla, linganisha visanduku vyote. Kompyuta ichukue saa sahihi kutoka intaneti, kisanduku kikuu kichukue kutoka kwenye kompyuta, kisha kisanduku kikuu kikipe saa kila kimoja kwa kijiti cha kuunganishia. Fanya kazi hii kwa kikao kimoja, usiku mmoja, na mtu mmoja akiweka alama kwenye orodha. Angalia na betri papo hapo.

Uganda iko saa tatu mbele ya saa ya dunia mwaka mzima, hatubadilishi saa. Lakini kompyuta iliyokuja na mgeni kutoka Ulaya inaweza kujirudisha yenyewe kwenye saa za kwao. Zima marekebisho hayo. Kwenye MeOS, programu huria ya Kiswidi isiyolipiwa ya kuendeshea mashindano, kuna muda sifuri wa shindano, yaani saa ambayo programu inaanzia kuhesabu. Uweke walau saa moja kabla ya mkimbiaji wa kwanza kuanza, na baadaye usiuguse.

Kisha kuna saa zetu za Kiswahili. Orodha ya kuanzia iandikwe 10:24, lakini kinywani tangaza saa nne na dakika 24. Waganda wanahesabu vivyo hivyo kwa Kiluganda, hivyo hutawachanganya. Balaa linakuja pale msaidizi mmoja anaposema «saa kumi» akimaanisha 10:00. Mkubaliane mapema, na mtu anayesimamia mwanzo awe na saa kubwa inayoonekana na wote.

Meza ya mwanzo na meza ya kusomea

Mwanzoni mkimbiaji hupitia visanduku viwili kabla ya kupewa ramani: cha kufuta na cha kukagua. Cha kufuta huondoa vituo vya shindano lililopita. Cha kukagua huthibitisha kwamba chipu ni tupu. Weka mtu mzima hapo, si bango. Chipu isiyofutwa huleta mabishano marefu mbele ya watu wenye njaa. Mtu huyohuyo aandike kila aliyeanza kweli, kwa maana orodha ya waliojiandikisha si orodha ya walioingia msituni.

Meza ya kusomea iwe chini ya hema, mgongo kwa upepo, mita chache baada ya mwisho na kwa namna ambayo hakuna anayeweza kwenda kunywa maji bila kuipita. Kompyuta moja isome chipu, nyingine imwoneshe mtangazaji. Ziunganishe kwa waya au ruta ndogo ya hapo hapo. Hazihitaji intaneti kuongea zenyewe kwa zenyewe. Jenereta iwe mbali na maikrofoni, na kompyuta ziwe na chaji kamili hata kama jenereta ipo, ili mafuta yakiisha usikose sekunde hata moja. Printa ndogo ya risiti inayotoa muda wa kila kipande inafaa kununuliwa mapema kuliko mambo mengi. Watoto huzishika risiti zile, hulinganisha, hubishana, na huko kubishana ndiko wanakojifunza mchezo.

Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba ziheshimu. Mara nyingi ngurumo hujengeka kuanzia mchana, basi anza asubuhi. Radi ikisikika karibu, simamisha kuanzisha watu, shusha spika, toa watu chini ya miti. Kuhusu visanduku vyenyewe: vifunge kwa waya kwenye nguzo, uwaeleze wakazi wa jirani na askari wa bustani ni vitu gani. Pale Entebbe tumbili hawaogopi watu, na bendera mpya huwavutia. Mzunguko wa mwisho wa ukaguzi ufanyike asubuhi, si jana yake jioni.

Kutangaza

Mtazamaji wetu amekulia kwenye mbio za uwanjani, ambako aliye mbele ndiye anayeongoza. Katika orienteringi ya kawaida watu huanza mmoja mmoja kwa kupishana dakika mbili au tatu, kwa hiyo wa kwanza kutoka msituni anaweza kuwa wa kumi kwenye orodha. Lieleze hili kwa sentensi mbili kila baada ya nusu saa, maana wageni wanaingia wakati wote.

Kisha mpe mtazamaji kitu cha kungojea. Silaha bora ya mtangazaji ni hesabu hii: saa aliyoanza mkimbiaji, jumlisha muda wa anayeongoza. Tuseme anayeongoza amemaliza kwa dakika 31 na sekunde 40. Nambari 14 alianza 10:24:00. Lazima avuke mstari kabla ya 10:55:40. Sasa ujumbe wa kituo cha redio umeingia: amepita 10:43:50, yaani dakika 19 na sekunde 50 tangu aanze, na anayeongoza alipita hapo kwa 20:15. Sema hivi: «Nambari 14 amepita kituo cha redio, yuko mbele kwa sekunde 25! Ana hadi saa nne, dakika 55 na sekunde 40. Tazameni pale kwenye mwembe.» Halafu nyamaza kidogo, uwaache watu watazame saa na mwembe.

Ikifika saa hiyo hajatokea, umeshapata hadithi: alikuwa mbele, na kitu kimetokea kati ya kituo cha redio na hapa. Usikisie kwamba amepotea au ameumia. Sema saa imempita, sema njia iliyobaki ina nini kwa mujibu wa ramani, na akitoka mpokee kwa heshima. Mwenzio akamfuate baada ya kupumua, amwulize alipita wapi.

Wawe wawili kwenye maikrofoni. Mmoja kichwa chake kiko kwenye kioo na karatasi, anatoa nambari kwa sauti ya chini; wa pili anasimulia. Chagua lugha kwa umati uliopo. Jinja utachanganya Kiluganda, Kisoga na Kiingereza. Kiswahili kitabeba wanajeshi, polisi, watu wa Arua na Busia, na wageni kutoka Kenya na Tanzania. Badilisha lugha kati ya taarifa na taarifa, si katikati ya sentensi. Kabla ya mbio pita kwa wakimbiaji uwaulize majina yao yanatamkwaje. Jina la mtu likiharibiwa mbele ya mama yake, amekosewa yeye na ukoo wake.

Kuna vitu mtangazaji hasemi. Hasemi kituo kiko wapi wala njia ipi ilifaa wakati bado kuna watu hawajaanza. Wasioanza wakae mbali na spika, simu zao zikiwa zimekusanywa. Spika nazo zielekee kwa watazamaji, zisielekee msituni, kwa sababu aliyepotea akisikia muziki wako anajua uwanja uko upande gani bila kuifungua dira.

Tena hasemi «mshindi» kabla chipu haijasomwa. Kituo cha redio hakijui kama mkimbiaji aliruka kituo cha tano. Mpaka kompyuta ithibitishe vituo vyote kwa mpangilio, neno ni moja tu: muda usio rasmi. Nimeona umati ukimbeba kijana mabegani kisha jina lake likaondolewa, na hakuna maelezo yaliyoweza kumfariji.

Malalamiko, na watu waliobaki msituni

Mkimbiaji akisema alichomeka lakini chipu haioneshi, usimbishie. Kisanduku chenyewe kina kumbukumbu ya chipu zilizopita, kiletwe kisomwe. Na kwa kuwa kisanduku kinaweza kufa, kila kituo kiwe na koleo la kutobolea, na ramani iwe na miraba midogo ya kutoboa pembeni. Mweleze kila mtu mwanzoni: hakuna mlio, toboa karatasi.

Kazi kubwa kuliko zote ya mfumo huu haina maikrofoni. Kila aliyeingia msituni lazima asomeshe chipu, hata aliyeacha mbio akarudi kwa bodaboda. Programu itakupa orodha ya wasiorudi. Ilinganishe na karatasi ya mtu anayesimamia mwanzo kila nusu saa, na tena muda wa kufunga njia unapofika. Mtu aliyebaki kwenye orodha anatafutwa kwanza kwa simu ya mwalimu au mzazi, kisha kwa miguu, kuanzia kituo cha redio cha mwisho alichopita. Bendera haziondolewi msituni mpaka orodha iwe tupu, kwa maana huenda yeye bado anatafuta hizo hizo.

Majina ya watoto yasipandishwe intaneti bila idhini ya wazazi. Nambari na shule zinatosha. Kabla ya kuzima kompyuta, nakili faili ya shindano kwenye diski mbili, tuma matokeo kwa walimu, hesabu chipu za kuazima dhidi ya amana zilizolipwa, kisha visanduku vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kurudi kwenye sanduku lao.